Huku Ukate, Huku Uache

Kaa nami kidogo, msikilizaji wangu, na kama una kiti chenye mgongo kivute, maana nitaeleza jambo moja polepole. Si jambo gumu. Ila mimi nimechoka, na mtu aliyechoka akisema kwa haraka huruka hatua, nami nimeona hasara ya hatua iliyorukwa.

Kazi yangu hapa Bujumbura ni kusimama kati ya milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kituo cha mafunzo ya ufundi, ambako vijana waliomaliza shule hujifunza umeme, useremala, ushonaji, kuchomelea vyuma. Mlango wa pili ni wa karakana, gereji, hoteli, bandari, popote pale kazi yenyewe inapofanyika. Kijana akimaliza masomo ya darasani ni lazima akae miezi kadhaa mahali pa kazi ndipo apewe cheti. Muda huo tunauita staji. Mimi ndiye ninayemtafutia mahali pa staji, ninayempeleka, ninayerudi kumwangalia, na ninayepigiwa simu mambo yakiharibika.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi ya meza na kalamu. Ni kazi ya miguu. Siku hizi mafuta ya gari hupatikana kwa bahati. Mabasi yakilala kwenye foleni ya kituo cha mafuta, sisi wa Kinama tunashuka mjini kwa miguu, mstari mrefu wa watu kando ya barabara, walimu na wauza nyanya na makarani, viatu vizuri vikiwa mkononi ndani ya mfuko. Nafika mtaa wa viwanda jasho limeshakauka mara mbili. Nabisha geti. Mlinzi anasema, "Patroni haiko." Patroni, yaani mwenye mali, nimemwona kwa macho yangu akiinama nyuma ya lori. Nasema asante, nakwenda kwenye geti linalofuata.

Wenye karakana wananiambia, "Mama mwalimu, munatuletea batoto ya makaratasi. Wanajua kuchora fizi ya umeme, hawajui kuifungua." Nikirudi kituoni, wakubwa wananiambia mafundi wa mjini hawafuati programu. Kila upande una ukweli wake, na kila upande unanieleza mimi ukweli huo kana kwamba upande wa pili unanisikiliza. Nimekuwa kama shati linalokamuliwa na watu wawili, mmoja anazungusha huku, mwingine anazungusha kule. Maji yanayotoka ni yangu.

Katika wote niliowapeleka, nitakueleza habari za binti mmoja.

Alitoka milimani, mbali kaskazini, akakaa Kinama kwa shangazi yake. Nyumbani kwao ni Kirundi tu. Shuleni alifundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, asante. Darasani alikuwa mtulivu, mkono wake safi, michoro yake ya umeme ungeweza kuitundika ukutani. Alitaka kazi ya kusuka moteri. Hapa lazima nieleze, kwa sababu watu wengi wanaona moteri ya umeme ikizunguka kwenye mashine ya unga au pampu ya maji na hawajawahi kujiuliza kuna nini ndani.

Ndani kuna pete kubwa ya chuma yenye mifereji. Katika mifereji hiyo zimelazwa nyuzi za shaba, zimesukwa kwa mpango maalumu, na mpango huo ndio unaoifanya moteri izunguke. Moteri ikiungua, nyuzi zote hutolewa, zikasukwa mpya. Lakini kabla ya kuzitoa ni lazima kwanza usome zilivyofungwa. Upande mmoja wa pete utaona nyuzi zimejikunja tu na kurudi zilikotoka. Upande huo hauna siri. Upande wa pili kuna miunganisho: huu umekwenda kwa ule, ule umetoka nje kutafuta umeme. Kwa hiyo fundi hukata kwa tindo upande usio na miunganisho, na ule wenye miunganisho huuacha mpaka amalize kuusoma. Ukiukata kabla, moteri inakuwa bubu. Hakuna tena wa kukuambia ilikuwa imefungwaje.

Karakana moja tu ilikubali kumpokea msichana kwa kazi hiyo. Nyingine zilisema hazina choo cha wanawake. Moja ilisema mke wa patroni hatapenda. Hii moja ilikuwa kwenye barabara ya kushukia bandarini, nyumba ya mabati yenye harufu ya vernisi iliyochomwa, ile rangi ngumu ya kupaka nyuzi, moteri zimepangwa mlangoni kama vichwa vya watu waliojifunika. Mwenyewe alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambaye amekaa hapa miaka mingi na bado Kirundi chake ni cha salamu. Hakulazimika kujifunza zaidi. Wateja wake wote wanajua Kiswahili. Mkubwa kwa umbo, mwepesi kwa mikono, anasema huku ameshika msumari kwa meno.

Binti alijua kilichokuwa mbele yake, nami nilikijua. Bila staji hakuna cheti. Na mume wa shangazi yake alikuwa amesema wazi: mgeni akae nyumbani kwake maadamu yuko katika mafunzo, mafunzo yakikatika, basi la kwenda kwao lipo. Kwao, aliniambia siku moja, kuna umeme dukani tu, na duka lenyewe hufungwa jioni.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Nilipopita kumwangalia, patroni alitoa msumari mdomoni.

"Mama mwalimu, uyu mutoto uliniletea, huyu ndio mutu. Namwambia kitu mara moja. Anasema ego, anaenda kufanya."

Ego ni ndiyo kwa Kirundi. Alilitamka kama mtu anayeonja tunda la jirani.

Fundi wake wa vernisi, mtu mzima mwenye ulimi usiolala, alicheka kutoka kwenye tanuri lake. "Ego, ego! Mi nilimwambia, mademazeli, kesho tutasuka moteri na majani ya muhogo. Akasema ego!"

Wote wakamgeukia binti. Aliinamisha macho, akaninong'oneza kwa Kirundi kwamba alidhani wanamwambia kesho watakula sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Nilipowatafsiria, patroni alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo fundi wa vernisi akampa jina. Ego, kuya hapa. Ego, leta burashi. Naye alikuwa akija na kusema, "Ego."

Kisha ikaja simu. Nilikuwa kwenye geti la kiwanda kimoja, nimeambiwa nisubiri, nimeshasubiri mpaka kivuli changu kimehamia upande wa pili.

"Mama mwalimu, kuya uchukue mutu wako."

"Kuna nini, patroni?"

"Kuya tu. Na usilete mwingine."

Nilikwenda. Miguu ilikuwa inauma, lakini kilichouma zaidi ni lile neno la mwisho. Kwenye kazi yangu mlango mmoja ukifungwa, haufungwi kwa mmoja.

Niliingia karakanani. Binti alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Juu ya meza ilikuwepo moteri kubwa, imefunguliwa tumbo, na nyuzi zake zimekatwa pande zote mbili, zimekatwa vizuri, kwa usawa, kazi ya mkono safi. Juu ya kreti iliyogeuzwa aliketi mama mmoja wa makamo mwenye matope mapya kwenye kandambili. Yeye ndiye mwenye moteri. Ana mashine ya kukoboa mpunga kule Buterere, na mavuno yalikuwa yameshaanza.

"Tazama," patroni akaniambia. "Nimemwambia wazi. Wazi! Nimeenda bandarini kuona pampu ya boti, narudi, nakuta amenyoa moteri kichwa na ndevu."

"Mupunga yangu iko inje," mama wa Buterere akasema, bila kumtazama mtu. "Watu wameiacha kwangu chini ya shitingi ya plastiki. Mvua ikija, maji yetu haibishi hodi."

"Umesikia? Sasa mi nimwambie nini uyu mama? Nimwambie mashuleni wamenitumia mutoto wa kukata?"

Fundi wa vernisi alikuwa anasugua brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Hata yeye hakuwa na mzaha.

Nilimwomba patroni ruhusa ya kuzungumza na binti pembeni. Tulisimama getini, upande wenye kivuli. Sikumwuliza kwa nini amefanya hivyo. Mtu akiulizwa kwa nini, hujitetea au hulia, na vyote viwili huchukua muda. Nilimwuliza kwa Kirundi patroni alimwambia nini, kwa maneno yale yale.

"Yambwiye ngo nkate hano, nce hariya," akasema. Aliniambia nikate hapa, nikate na pale.

"Hilo la pili alilisemaje?"

Akafikiri. Akaonyesha kwa mkono, kwanza upande mmoja, halafu wa pili, akaiga hata ule msumari wa mdomoni bila kukusudia. "Uku ukate, uku uache."

Nikakaa chini, pale pale kwenye jiwe la geti.

Sasa nisikilize vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Kwa Kirundi, ukate ni ukate, kama kwa Kiswahili. Lakini Kirundi kina neno jingine pia, guca, ambalo hutamkwa gucha. Kamba ikikatwa ni guca. Kesi ikikatwa na hakimu ni guca. Ukitaka kumwambia mtu akate unamwambia uce, na masikio yanasikia uche. Patroni alisema uache. Alisema haraka, msumari ukiwa menoni, moteri nyingine ikiwa inapigwa nyundo nyuma yake. Huku ukate, huku uache. Binti akasikia: huku ukate, huku ukate. Akadhani mzee anakazia, kama wazee wanavyokazia jambo kwa kulisema mara mbili kwa maneno mawili.

Nilirudi ndani. Nilisema, "Patroni, nakuomba, sema tena vile ulimwambia."

"Nimesema Kiswahili!"

"Sema tu."

"Nilisema, uku ukate, uku uache. Nani hajui ile?"

Kabla sijafungua mdomo, mama wa Buterere, ambaye ni Mrundi wa kuzaliwa, alipiga mapaja yake kwa viganja. "Yoo! Patroni! Umemwambia akate mara mbili!"

"Mi?"

"Uce! Ni kukata iyo! Ata mi ningekata!" Akacheka, kicheko cha mtu ambaye mpunga wake uko nje na hana kingine cha kufanya. "Ee Mungu wangu. Tena amekata muzuri."

Fundi wa vernisi akawa wa pili kuelewa, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Patroni hakucheka. Alisimama akilisema neno lile chini chini, uache, uce, uache, kama mtu anayepima bolti mbili ambazo amezichanganya maisha yake yote kwenye kopo moja.

"Miaka yote niko apa," akasema, "hakuna mutu alishakata ivyo."

"Wote ulikuwa unawatoa Uvira, patroni," fundi wa vernisi akasema kutoka ukutani. "Nani angekata?"

Patroni akamkabili binti. Hakuwa na hasira tena kama mwanzo, lakini alikuwa na swali, na swali lake lilikuwa la haki.

"We. Ulisikia kata, na tena kata. Haukujiuliza?"

Nikatafsiri. Binti akajibu kwa Kiswahili chake, neno baada ya neno. "Nilijiuliza."

"Shuleni walikufundisha kukata pande zote?"

"Apana."

"Sasa mbona haukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

"Ego."

Nikaona ni lazima nieleze, na nilieleza kwa wote, patroni na mama na fundi, kama ninavyokueleza wewe. Kwa binti kama huyu, mkubwa akitoa neno, ego haina maana kwamba nimeelewa. Ina maana kwamba neno lako limenifikia na sikulidharau. Kumwambia mkubwa sijafahamu ni kama kumwambia amesema vibaya, na nyumbani kwao hakuna anayemwambia baba yake hivyo. Kwa hiyo anapokea neno, anakwenda nalo, na huko mbele anajitahidi kuligeuza kazi. Mara nyingi anafaulu kwa kutazama wengine. Siku hiyo hapakuwa na wa kumtazama.

Patroni alisikiliza. Kisha akasema, "Kumbe ego yake si ndiyo. Ni alo ya simu! Inasema tu laini inapita!"

Hapo hata binti alicheka, akijifunika mdomo kwa kiganja chenye mafuta, akabaki na alama nyeusi shavuni.

Ningependa kukuambia kwamba kicheko kilimaliza mambo. Lakini moteri ilikuwa bado mezani, na patroni alipoitazama uso wake ulirudi ulikokuwa. "Sawa, nimefahamu. Lakini moteri haisikilize masemi. Mi niko na kazi, siko na darasa ya luga. Mama mwalimu, mwende naye. Bila ubaya."

Bila ubaya. Nimeambiwa maneno hayo kwenye mageti mengi. Nilianza kuchukua mkoba wangu, na binti alishaanza kuvua koti la kazi, maana alifahamu hilo bila mkalimani.

Aliyezuia ni mama wa Buterere, na hakuzuia kwa huruma. "Apana, patroni. Ukimufukuza uyu, nani atakaa na we kutafuta mpango wa izi nyuzi? We peke yako? Utamaliza lini? Mupunga yangu itaota ndani ya magunia. Mi ninataka mikono. Abaki mpaka moteri igeuke. Kisha mufukuzane vile munataka."

Patroni alifikiri, akauma msumari, akautema. "Abaki mpaka igeuke. Isipogeuka, anaenda, na nyie wa shule msinibishie geti tena." Akamgeukia binti. "Na hautashika kitu mpaka uniambie unaenda kukifanyia nini. Kwa luga yoyote. Sitaki ego. Sema."

Nilibaki. Nilijiambia ni kwa ajili ya kutafsiri, lakini ukweli ni kwamba miguu yangu haikutaka kurudi Kinama. Nilikaa kwenye kreti, mama akanisogezea nafasi, na tukatazama.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Patroni alisema, "Chukua ile, uweke kwa ile, halafu upitishe uku." Binti akafungua mdomo kurudia, akakwama. Akatazama mezani. Halafu, kwa sauti ndogo, akauliza, "Ile gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza katika karakana ile. Patroni akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa hewani, akagundua hauonyeshi kitu. Alikuwa amefundisha watu wengi kwa ile na iyi na uku, na walijifunza kwa kumtazama, si kwa kumsikia. Sasa ilimbidi atafute majina. Alichoka kabla ya binti.

"Mama mwalimu, kusema kunachosha kuliko kusuka," akaniambia.

"Ninajua, ndugu yangu," nikamjibu. "Mimi ndiyo kazi yangu."

Shuleni binti alikuwa amefundishwa kuutafuta mpango wa nyuzi kwa hesabu: ukijua idadi ya mifereji na mwendo wa moteri, unaweza kuuchora. Alichora sakafuni kwa chaki, akieleza kila mstari, Kirundi na Kifaransa na vipande vya Kiswahili. Patroni alichuchumaa, akatikisa kichwa. Mchoro ni muzuri, akasema, lakini ni wa moteri iliyotoka kiwandani. Hii imeshasukwa na mtu mwingine kabla yetu, na mtu huyo alikuwa na akili zake. Akaingiza kidole mferejini, akatoa kipande cha uzi kilichosalia, kinene kuliko hesabu ilivyotaka. Binti akasema basi hesabu ianze upya. Patroni akasema hesabu haitajua yule mtu alifikiri nini. Wakabishana. Nilitafsiri mpaka nikaacha, kwa sababu waliacha kunisubiri.

Walisuka pamoja, siku hiyo na siku zilizofuata, nami nikapita kila nilipoweza. Kabla ya kila hatua nilimsikia binti: sasa naweka hii, inaanzia hapa, inatokea pale, mwisho wake bado. Na patroni: ee. Au: apana, rudia. Fundi wa vernisi alianza kumwiga, akitangaza kila kitu kwa sauti kubwa. "Sasa ninachukua chai! Ninaiweka mudomoni! Mwisho wake bado!"

Mama wa Buterere alikuja siku ya kujaribu. Waliunganisha umeme. Moteri ilinguruma, ikatetemeka mezani, haikuzunguka. Patroni alizima haraka. Binti hakusogea. Nikamwona akitazama koti lake safi lililotundikwa mlangoni, lile la kurudia nyumbani.

Patroni hakusema nenda. Alisema, "Tuambie tena. Kutoka mwanzo. Yote ulifunga, na mi nitasema yote nilifunga."

Wakasema, kwa zamu, kidole juu ya shaba. Karibu na mwisho wote wawili walinyamaza mahali pamoja. Kundi moja la nyuzi lilikuwa limefungwa kinyume, mwanzo mahali pa mwisho. Ni mkono wa nani haikujulikana. Pale walikuwa wamepokezana. Patroni alimtazama binti, binti akamtazama patroni, na hakuna aliyetaka kuchunguza zaidi. Wakafungua, wakageuza, wakafunga.

Safari hii moteri ilianza taratibu, kisha ikashika, na sauti yake ikawa moja, nyororo, bila kukwaruza. Mama wa Buterere alisikiliza kwa kichwa kimeinama. "Ni hiyo," akasema. "Munipakilie."

Mvua ilikuwa imeshamgusa kidogo. Sehemu ya mpunga ilipata unyevu, akauanika barabarani kama watu wote wa kule, na baiskeli zikaukanyaga. Hakurudi kulalamika, wala hakurudi kushukuru.

Binti alimaliza staji yake pale pale. Alipata cheti, na patroni akambakiza, kwa majaribio, neno ambalo kwake halina mwisho. Shangazi yake bado anampa kitanda. Huo ni ushindi, nakubali, na ninapochoka sana naukumbuka. Lakini nilipokwenda kituoni kuomba kwamba vijana wafundishwe pia maneno ya karakana, na kwamba mafundi kama huyu waalikwe darasani hata mara moja moja, niliambiwa wazo ni zuri, halimo kwenye programu, tutaona. Niliposhuka kwa patroni kumwomba apokee mwingine, alinung'unika, akasema mmoja tu, na aje anajua kusema. Kwa hiyo bado natembea kati ya milango miwili. Mageti mengine bado yana patroni wasiokuwepo.

Ila kuna kitu kimoja ninachofanya sasa kila ninapomwacha kijana mahali pa kazi, na sihitaji ruhusa ya programu yoyote kukifanya. Nawe waweza kukifanya, uwe fundi, mama wa nyumbani, karani, au mkubwa wa ofisi. Ukimpa mtu kazi, usimwulize kama ameelewa. Mwombe akuambie, kwa lugha anayoiweza, ataanza na nini na atafuata na nini. Msikilize mpaka amalize bila kumkatiza. Na ukisikia neno moja halikukaa sawa, lirudieni pamoja kabla hajashika chombo.